Marehemu wa Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Wiki jana tulimwacha Karani ameshika karatasi iliyolowa, na ndani ya karatasi hiyo mtu aliyekufa anahema.

Kwa wewe uliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, au uliyelikuta limefungiwa sabuni, sikiliza vizuri maana sitarudia. Juzi, kwenye kambi ya mwisho kabla ya kilele, mteja mmoja alikata roho saa nne usiku. Kazi yake mjini ilikuwa kutengeneza lifti, na mlimani wote walimwita Fundi Lifti. Jana mwili ulishushwa. Leo asubuhi Karani wa kampuni iliyompandisha alifungua fomu ya afya ya Kundi la Saba, akasoma mstari wa mwisho: saa kumi na mbili asubuhi, Fundi Lifti, hewa kwenye damu themanini na nne, mapigo ya moyo tisini na mawili, hali njema.

Masaa manane baada ya kufa. Hali njema.

Aliyeijaza fomu hiyo ni kiongozi wa kundi, jina la utani Kamba. Na Kamba ni kaka yake Karani, tumbo moja. Kabla Karani hajaifunika karatasi, mlango ukabishwa.

Aliyebisha alikuwa Kamba mwenyewe.

Alibisha kwa kiwiko. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye vifundo, minene kama ya bondia. Baridi ya kule juu ilikuwa imemla vidole wakati anapigania uhai wa mtu.

"Umeisoma," alisema.

"Nimeisoma. Kaka, huyu mtu alikufa saa nne usiku."

"Najua alikufa saa ngapi. Alifia mapajani kwangu."

"Sasa asubuhi alipimwa na nani? Malaika?"

Kamba akavuta kiti kwa mguu, akaketi. Alikuwa hajanyoa, na uso wake ulikuwa umebabuka kwenye mashavu na kubaki wa kawaida pale palipokaa miwani.

"Hakupimwa. Kalamu zinaganda, mdogo wangu. Asubuhi kule juu wino hautoki hata uilambe kalamu. Kwa hiyo mstari wa asubuhi unaujaza jioni iliyotangulia, ukiwa bado kwenye hema la jiko, wino ungali unatiririka. Asubuhi unawapima watu, ukikuta namba imekwenda mbali unairekebisha ukishafika chini."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Tunafanya wote. Wewe kila wiki unanakili fomu zilizolowa. Hujawahi kujiuliza kwa nini mwandiko wa asubuhi hautetemeki?"

Hakuwahi. Miaka mitatu ananakili namba za asubuhi, saba zimesimama wima, nane zimekaa kama mawe mawili, na hakuwahi kujiuliza ni mkono gani unaoandika vizuri hivyo kwenye baridi ya kupasua chupa.

Karani alitafuta hofu ndani yake, hakuikuta. Alichokikuta ni kwamba mguu wa kushoto umekufa ganzi kwa kuukalia.

"Mkaguzi wa mlima anakuja saa nane," alisema. "Anachukua fomu yenyewe. Siyo nakala ya mashine."

"Najua."

"Akiona umempima maiti, atasema hukumpima mtu yeyote. Atasema namba zote umezitunga ukiwa umelala. Leseni yako itakwenda. Na baada ya leseni ni mahakamani, kaka. Watasema umeua."

"Najua, mdogo wangu. Sikuja hapa kuambiwa ninachokijua."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika tano.

"Angalia mstari wa juu yake," Kamba alisema.

Karani aliangalia. Jioni ya siku aliyokufa, saa moja na dakika kumi na tano. Namba ya kwanza ilikuwa sitini na moja, imekatwa kwa mstari mmoja. Pembeni yake, themanini na tatu.

Msomaji, namba hizi hazina uchawi. Unamvisha mtu kipimo kidoleni, kinakwambia hewa iliyomo kwenye damu yake. Kampuni ina sheria moja tu inayojulikana na kila mtu, kuanzia kiongozi mpaka mpishi: chini ya sabini, mtu anashuka. Hata kama kilele anakiona. Hata kama analia.

"Ya kweli ni ipi?"

"Sitini na moja."

"Na hii themanini na tatu?"

"Ni yake pia. Lakini akiwa na mtungi wa hewa mdomoni."

Karani akaweka karatasi mezani. "Mbona hukumshusha?"

"Msaidizi wangu alipiga redio ofisini kuomba ruhusa. Ofisi ikajibu. Mimi nilikuwa naingia hemani, nikasikia jibu kwa masikio yangu. Tuendelee."

"Ofisi nani?"

Kamba akatazama bendeji zake.

"Ofisi," alisema.

"Bosi?"

Hakujibu. Karani akakichukua kimya kile, akakiweka upande wa ndiyo.

Na si kwamba alikosa sababu. Kila jioni, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili, makundi kumi na moja husoma namba zao redioni, moja baada ya jingine, kundi kwa namba yake na mteja kwa namba yake, sauti zote zikiwa zimekwaruzwa na upepo mpaka huwezi kumjua baba yako. Anayepokea ni Karani. Lakini siku za vyeti, Bosi humpokelea. Na jioni ile ilikuwa siku ya vyeti: watu ishirini na watatu walikuwa wameshuka, kila mmoja anasubiri karatasi yenye picha ya kilele kabla ya ndege ya asubuhi. Karani alivikumbuka vyeti vyote ishirini na vitatu. Alimkumbuka Bosi akiwa ameketi kwenye kiti cha redio, mguu juu ya mguu. Mengine ya jioni ile hayakuwa na umbo.

Daftari la redio lisingeweza kumsaidia. Bosi alilifuta mwaka jana. Alisema redio ni ya kusikia, si ya kuandika.

Kwa hiyo ushahidi wa kifo kile ulikuwa ni karatasi moja tu, na sasa ilikuwa inakauka mbele yao.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Bosi aliingia na koti lake la kampuni, lile lenye kilele kilichotariziwa kifuani. Zamani naye alikuwa kiongozi, na mwendo wa kiongozi hakuuacha: anaweka mguu kana kwamba sakafu inaweza kuteleza. Safari ya kilele ilikuwa ya siku nane alipoikuta. Yeye akaipunguza ikawa siku sita, wateja wakaongezeka maradufu. Akaipunguza tena ikawa siku tano, wakapanga foleni. Likizo za watu ni fupi, alisema, na mlima hauna haraka ya kulalamika.

"Kumbe mko wote," alisema. "Afadhali. Mkono unaendeleaje, Kamba?"

"Upo."

"Vidole vingapi?"

"Daktari anasema tusubiri. Vyenyewe ndivyo vitakavyosema."

"Hewala." Akamgeukia Karani. "Nakili hiyo fomu. Wino wa bluu. Mstari wa asubuhi usiwepo kabisa, jamaa alikuwa ameshafariki, huwezi kumpima. Na jioni, themanini na tatu. Sahihi ya kaka yako unaijua."

"Na sitini na moja?"

"Ni kosa. Si limekatwa? Wewe ukinakili barua, unanakili na makosa yake?"

Karani alimtazama kaka yake. Alitegemea Kamba asimame. Alitegemea aseme neno moja zito, lile ambalo tangu wadogo alikuwa akimsemea mbele za watu wakubwa. Mstari wa asubuhi ungemzamisha Kamba, hilo ni kweli. Lakini sitini na moja ndiyo iliyokuwa inamtetea. Ndiyo iliyokuwa inasema alipima, aliona, aliuliza.

"Andika, mdogo wangu," Kamba alisema.

"Kaka."

"Andika hivyohivyo anavyosema."

"Lakini ulipiga redio. Ukiifuta hii namba..."

"Mimi sitaki maneno ya redio," Bosi alisema. "Hakuna redio humu. Kuna karatasi."

Mlango tena. Safari hii kilichoingia ni kichwa tu, cha mama mtunza stoo, kimefungwa kitambaa cha buluu.

"Samahanini jamani. Koti namba kumi na nne limerudi? Nina mteja wa kesho, kifua chake ni kilekile."

Wote watatu wakamtazama.

"Mama Stoo," Karani alisema, "koti hilo marehemu kalivaa."

"Najua kalivaa, mwanangu. Ndiyo maana nauliza."

"Uliza mochwari," Bosi alisema.

"Mochwari wameniambia niulize ofisini." Kichwa kikamtazama kila mmoja, kikatoka.

Karani alivuta fomu mpya kutoka kwenye droo. Akafungua kalamu.

Usimhukumu haraka, msomaji wangu wa wiki kwa wiki. Wapo wanaofanya ubaya wakitetemeka, na wapo wanaoufanya kama wanaokunja nguo. Karani alikunja nguo. Aliandika namba za wateja wote sita wa Kundi la Saba, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Saba aliitia kistari katikati, kama anavyoitia kaka yake. Alipofika kwa Fundi Lifti, jioni ya mwisho, aliandika themanini na tatu, na kalamu haikukwama. Akaweka sahihi ya Kamba. Kisha akachukua kitambaa chenye maji, akakipitisha juu ya karatasi, akailaza juu ya mashine ya vyeti ambayo huwa na joto mchana kutwa. Ilipokauka ilikuwa imejikunja pembeni kama iliyolala kwenye mkoba siku tano.

Dakika kumi na moja. Bosi alizihesabu kwa kutazama saa yake.

Akaichukua fomu ya kweli, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, nyuma ya kilele.

"Sasa," alisema, "mwite mama mfiwa."

Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ukumbi tangu saa tatu, chini ya picha kubwa ya wateja wanaocheka. Mke wa Fundi Lifti. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye vitu vya mumewe: tochi ya kichwani, chanuo, soksi mbili zisizofanana. Alipoingia alikaa pale alipoonyeshwa, akauweka mfuko mapajani na kuushika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani.

"Pole sana, mama," Bosi alisema.

"Asante."

"Sisi sote hapa ni wafiwa."

"Asante. Nilitaka kuuliza kuhusu buti. Zile nyeusi ni zake au ni za kukodi? Maana sizijui."

"Za kukodi, mama," Karani alisema.

"Basi zitolewe miguuni kabla sijaondoka. Nisije nikazika mali ya watu."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayeuliza basi la saa ngapi. Hakuwa analia. Macho yake yalikuwa makavu na yamechoka, ya mtu aliyemaliza kulia mahali pengine.

Bosi alimsogezea fomu. "Mkaguzi anakuja mchana, lakini nimeona wewe ndiye mwenye haki ya kwanza. Uone mwenyewe. Jioni mzee alikuwa vizuri, themanini na tatu. Kijana wa miaka ishirini anaweza kuwa na namba hiyo kule juu. Kisha moyo. Mambo ya moyo, mama, hayana ratiba."

Mjane akatoa miwani kwenye mfuko uleule wa plastiki. Akasoma. Akasoma tena, kidole kikifuata mstari.

"Imeandikwa vizuri," alisema.

"Tunajitahidi."

"Mume wangu alikuwa na tabia moja ya kazini. Fundi wa lifti hafungi mlango wa mtambo kabla hajapiga picha mita. Likitokea la kutokea, ana picha. Nyumbani alipiga picha mpaka mita ya maji." Akatoa simu. "Kila jioni huko mlimani alikuwa anaomba kuona mstari wake, anaupiga picha, ananitumia. Hii ni ya siku ya mwisho. Saa moja na dakika ishirini."

Akaiweka simu juu ya fomu.

Mwandiko wa Kamba, uleule wa kweli, ukiwa umetetemeka kidogo. Sitini na moja. Ilikuwa haijakatwa bado.

"Hapa ni sitini na moja," mjane alisema. "Hapa haipo. Imekwenda wapi?"

Mashine ya vyeti ilikuwa ikinguruma taratibu, peke yake.

Bosi akamgeukia Kamba. "Kiongozi, mweleze mama."

Kamba akanyanyuka. "Ni mimi, mama. Hiyo karatasi nimeiandika upya mimi. Nimeighushi."

Mjane alimtazama usoni. Kisha akateremsha macho mpaka kwenye bendeji.

"Kwa mkono upi?"

Bosi hakusubiri jibu; yeye tayari alikuwa ameidaka nafasi aliyofunguliwa.

"Mama, umesikia kwa masikio yako. Kakiri mwenyewe. Mkaguzi akifika nitakuomba umweleze ulivyosikia, basi. Kampuni haina cha kuficha. Kiongozi akificha namba, kampuni itajuaje?"

"Bosi," Karani alisema.

"Wewe rudi kwenye mashine yako."

"Nimeandika mimi." Sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa, kana kwamba anasema chai imeisha. "Mama, hiyo fomu nimeiandika mimi, sasa hivi, ulipokuwa unasubiri hapo nje. Ameniamuru huyu. Ile ya kweli iko kwenye koti lake, mfuko wa ndani."

Bosi hakugusa koti. "Unajua unachokifanya?"

"Sijui. Ila kaka yangu alipiga redio. Waliona sitini na moja, wakauliza washuke, na wewe ukawaambia waendelee."

Na hapo, msomaji, pakatokea jambo ambalo Karani hakulitegemea. Bosi alishangaa. Si mshangao wa kuigiza. Alimtazama karani wake kama anamwona amevaa nguo kinyume.

"Mimi? Mimi sijaambiwa sitini na moja na mtu yeyote. Nilikaa kwenye redio ile, ndiyo. Hakuna kundi lililoniuliza kushusha mtu. Hakuna." Akamnyooshea Kamba kidole. "Huyu hakupiga redio. Alimwona mtu anazimika akalala naye hemani, basi. Nimemfichia makosa kwa sababu ni mtu wangu, sasa dada yake ananivua nguo mbele ya mfiwa."

Karani akamgeukia kaka yake. "Mlipiga?"

"Tulipiga."

"Alijibu nani?"

"Ofisi."

"Kaka, ofisi haina mdomo. Taja mtu."

"Liache hilo, mdogo wangu."

"Niliache vipi? Watakufunga. Huyu anasema hukupiga, wewe unasema ulipiga, na daftari hakuna. Taja tu mtu aliyejibu."

Kamba akafumba macho. "Sikumbuki."

Tangu utotoni hakujua kudanganya. Karani alimjua anavyodanganya: anakaza shingo. Shingo ilikuwa imekaza.

Kwa hiyo hakupiga, aliwaza. Wazo lilipita bila kumchoma. Lilimgusa kwa mbali, kama sindano ya daktari wa meno baada ya ganzi. Kaka yangu hakupiga redio. Mtu akafa, naye akaja kuniomba niandike.

"Kuna sauti," mjane alisema.

Walikuwa wamemsahau. Alikuwa ameichukua simu yake, anaifuta kioo kwa ncha ya mtandio.

"Baada ya picha alinitumia na ujumbe wa sauti. Saa moja na nusu. Dakika moja na sekunde nne. Sijaufungua. Siku mbili nalala nao. Nilisema nikiufungua, utakuwa umeisha."

Karani alihisi kitu cha kwanza tangu asubuhi. Kilikuwa kidogo, chini ya mbavu.

"Mama," alisema, "jioni redio huwa wazi hemani. Inapiga kelele, kila aliyemo anaisikia. Kama walipiga saa moja na nusu, itakuwa imeingia humo. Na aliyejibu itasikika sauti yake."

"Ni kweli," Bosi alisema. "Fungua, mama. Tusikie huo ukimya."

"Usifungue," Kamba alisema.

Wote wakageuka.

"Mama, nakuomba. Usifungue." Alikuwa amepiga magoti, na bendeji zake mbili zilikuwa zimepakatwa kifuani. "Mkaguzi akija nitamwambia sikupiga. Nitamwambia namba nilizitunga zote. Nitasaini, mtanishikia kalamu. Huyu binti hahusiki na fomu, nilimlazimisha. Nichukueni mimi, mnizike mkitaka. Ila hiyo sauti muiache."

"Mnaona," Bosi alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa vizuri kitini.

Mjane alimgeukia Kamba. "Wewe ndiye uliyemshika alipokuwa anakufa?"

"Ndiye mimi, mama."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama ghorofa ya mwisho bado mbali. Alikuwa hayupo tena, mama. Alikuwa kazini."

Mjane akatikisa kichwa taratibu. Kisha akamsogezea Karani simu.

"Fungua wewe. Kidole changu hakitaki."

"Mdogo wangu," Kamba alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Kwa ajili ya mama yetu. Usiguse."

Karani aliigusa.

Upepo kwanza. Turubai linapigwa, linapigwa. Kisha pumzi, fupifupi, zenye majimaji, na ndani ya pumzi hizo sauti ya mwanamume mchangamfu anayejitahidi.

"Mke wangu. Tumefika kambi ya mwisho. Kichwa kinauma, lakini usijali, hawa vijana wako makini. Hivi sasa wanauliza ofisini kama nishuke. Ngoja usikie mwenyewe."

Mjane alikuwa amefumba macho.

Nyuma yake, sauti ya kijana, msaidizi: "Ofisi, Kundi la Saba. Mteja namba nne, sitini na moja. Narudia, sitini na moja. Tumshushe?"

Walipiga.

Karani aliisogeza simu karibu. Walipiga redio. Kaka yake hakudanganya, hakutunga, hakulala. Karani alimwangalia Bosi, ambaye tabasamu lilikuwa limemganda mdomoni, akasubiri sauti yake itoke simuni na kuimaliza habari yote.

Redio ikakwaruza. Ofisi ikajibu.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, tulivu, imechoka kidogo, na nyuma yake mashine ya vyeti ilikuwa inanguruma.

"Mpe mtungi dakika ishirini, mpime tena, andika hiyo ya pili. Kundi linalofuata."

Ujumbe ukaisha.

Kamba aliinamisha kichwa mpaka bendeji zikagusa paji la uso. Bosi alitazama ukuta wa redio, mahali ambapo yeye mwenyewe, mwaka jana, alibandika kikaratasi chenye maneno hayohayo, yasomwe kila jioni kwa kila atakayeuliza.

Karani aliitafuta dakika ile kichwani mwake. Aliitafuta kwa uaminifu, kama anavyotafuta fomu iliyopotea. Lazima Bosi alikuwa ametoka mara moja, naye akainuka kutoka kwenye mashine, cheti kimoja mkononi, akabonyeza kitufe, akasema. Aliyasema maneno hayo jioni ngapi? Aliyasema mara ngapi jioni ileile? Hakuikuta. Sauti ilikuwa yake, na hakukumbuka hata neno moja.

Mjane alifungua macho. Akavua miwani, akaikunja, akairudisha kwenye mfuko wa plastiki pamoja na soksi. Halafu akageuza kiti chake kidogo, mpaka akawa anatazamana na Karani uso kwa uso.

"Dada," alisema kwa upole, "hebu sema kitu."